Tawi Lililokauka Tarehe Tisa Juni

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Baridi, na manyunyu tangu alfajiri. Mawingu mazito upande wa Thika. Jua lilitokea saa nane mchana kwa dakika chache, likarudi.

Kyengo Mbuvi alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Alikuwa amepima maziwa katika kituo cha ushirika hapa Kimbo, Ruiru, kwa miaka kumi na tisa. Alizaliwa Ngoliba, kwenye joto na mbuzi, akamaliza darasa la nane, akavuna mananasi Thika misimu minne, kisha akachunga ghala la kahawa kabla ya kuja Ruiru. Wakulima wengi hawakujua majina yake mawili. Walimwita Pua.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Kila mkulima alipofika kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, alifungua kifuniko cha mtungi kuelekea kwa Kyengo, naye aliinama haraka kabla hewa ya ndani haijatoka yote. Hewa hiyo aliiita pumzi ya kwanza ya mtungi. Akishainuka alikuwa tayari anajua. Kuna mwaka alimwambia mkulima mmoja, Kiama, kwamba ng'ombe wake amekula vitunguu vya jirani. Kiama alibisha na kuapa. Saa tatu asubuhi jirani akafika kituoni na fimbo, akimtafuta Kiama.

Baada ya kunusa, Kyengo alichovya laktomita, ile glasi ndefu inayoelea, kuona kama maziwa yametiwa maji. Mwisho alichukua kijiko cha maziwa, akaongeza spiriti kiasi hicho hicho, akatikisa. Yakigandana, yameanza kuchacha. Halafu aliandika kitabuni: namba ya mkulima, saa, aina ya mtungi, laktomita, spiriti, harufu, na uamuzi wake, kupokea au kurudisha. Meneja wa kwanza wa kituo aliacha sheria ambayo hakuna aliyeibadilisha baada yake. Nafasi haiachwi tupu kitabuni. Nafasi tupu, alisema, ni mlango wa mwizi. Kwa hiyo kila safu ilikuwa na neno.

Mwaka huu ushirika uliamua kufungua kituo kidogo Ngoliba. Taabu ilikuwa mpimaji. Mtu wa aina ya Kyengo hapatikani kwa tangazo. Waithira, meneja wetu wa sasa, alisikia kuna mwalimu wa takwimu katika chuo kimoja cha Thika anayefundisha kompyuta kujifunza kutokana na kumbukumbu za kazi. Jina lake Leila Adan. Aliitwa akaja, akatazama vitabu vya Kyengo, akasema hajawahi kuona kumbukumbu safi namna hiyo. Mimi, karani wa kituo, niliketi wiki sita nikiviingiza kwenye kompyuta, kuanzia Juni mwaka jana hadi mwisho wa Julai mwaka huu.

Jumanne hiyo, baada ya mtungi wa mwisho kupokelewa, Leila alikuja kumwonyesha Kyengo alichokipata. Tulikuwa watatu ofisini. Alikuwa amenunua gorogoro, kopo la kilo mbili, ya mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, yale ya kupikia githeri, akamwaga kiasi mezani.

Alimwambia Kyengo ajifanye hajui hindi wala haragwe, na kwamba anaruhusiwa kuuliza swali moja tu la kuligawa lile fungu. Kyengo akauliza kama punje ni kubwa. Leila akagawa. Marundo yote mawili yakabaki na mchanganyiko, kwa sababu kuna mahindi makubwa na maharagwe makubwa. Akamwambia ajaribu lingine. Akauliza kama punje ina ncha. Sasa rundo moja lilikuwa karibu mahindi matupu, na lingine karibu maharagwe matupu.

Hiyo, alisema Leila, ndiyo kazi nzima ya mti wa maamuzi. Kompyuta inapewa mistari ambayo majibu yake yanajulikana. Inajaribu kila swali linalowezekana, moja baada ya jingine, na kila mara inahesabu ni mchanganyiko kiasi gani umebaki kwenye marundo mawili. Swali linaloacha marundo safi kuliko mengine ndilo linalowekwa mwanzo. Kisha inaenda kwenye kila rundo peke yake na kuanza upya: hapa sasa swali lipi linagawa vizuri? Inaendelea hivyo mpaka rundo liwe safi au liwe dogo mno. Rundo la mwisho linaitwa jani, na kwenye jani ndipo uamuzi unapoandikwa.

Akachora kwenye karatasi. Swali la kwanza, ambalo aliliita mzizi, alilichora juu, na majani chini.

Kyengo aliuzungusha mchoro, akauzungusha tena. "Mti wenye mizizi juu," akasema. "Huu umeng'olewa na tingatinga, mwalimu."

Leila alicheka. Akamwonyesha kwanza mti ambao aliuacha ukue bila kuuzuia. Ulijaza kurasa kumi na moja. Mahali fulani chini kabisa ulikuwa unauliza: je, ni mkulima namba 83, siku ya Alhamisi, kabla ya saa moja na dakika saba? Kyengo alivaa miwani na kufikiri. Namba 83 ni Kiama, akasema, na hiyo ndiyo siku kifuniko chake kilianguka kwenye matope.

"Sasa swali kama hilo litamsaidia nani Ngoliba?" Leila akauliza.

"Hakuna. Huo si mti, huo ni udaku."

Leila alisema hangeweza kulieleza vizuri zaidi. Mti ukiachwa, unakariri yaliyopita badala ya kujifunza kanuni, kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Ukiletewa mtungi mpya, unapotea. Dawa yake ni kupogoa. Neno hilo Kyengo alilijua vizuri tangu siku za kahawa: kahawa isiyopogolewa hujaa majani, tunda haina. Leila alikuwa ameukata mti hadi ukabaki na maswali matatu. Na ili ajue kama umejifunza kweli, aliufundisha kwa mistari ya mwaka mmoja tu, Juni hadi Mei. Mistari ya Juni na Julai mwaka huu aliificha, mti haukuiona kabisa. Huo ndio ungekuwa mtihani wake.

Akafunua karatasi ya pili. Juu, kwenye mzizi, palikuwa na neno moja: harufu.

Mistari ya mwaka ule ilikuwa elfu kumi na mbili na mia saba. Mitungi iliyorudishwa ilikuwa 498. Katika hiyo, 431 ilikuwa imeandikwa harufu mbaya. Hakuna swali lingine lililokaribia kugawa hivyo. Laktomita ilifuata, spiriti ikawa ya tatu.

Kyengo aliweka kidole kwenye neno lile. Nilimfahamu miaka mingi, na nilitarajia atatoa mzaha, maana mashine yenyewe ilikuwa imeanza na pua. Aliondoa kidole akakiweka mfukoni.

Mengi ya yafuatayo sisi wengine tulikuja kuyajua baadaye siku hiyo, lakini yeye aliyajua tayari. Mwanzoni mwa Juni alishikwa na homa na mafua, akafanya kazi hivyo hivyo. Jumapili jioni, tarehe nane, aliketi nyumbani kwake kando ya jiko akisikiliza redio. Mkewe alikuja mbio kutoka nje, akamwuliza kama amerogwa. Maharagwe yalikuwa yameungua hadi sufuria ikawa nyeusi, moshi umejaa chumba, naye yuko pale pale ameketi. Asubuhi ya Jumatatu tarehe tisa aliinama juu ya mtungi wa kwanza, na pumzi ya kwanza ilikuwa hewa tupu. Mtungi wa pili vilevile. Daktari alimwambia huenda pua ikarudi baada ya wiki, huenda baada ya mwaka, na wengine hairudi.

Hakumwambia mtu. Aliendelea kuinama. Kitabu hakikubali nafasi tupu, kwa hiyo kwenye safu ya harufu aliandika "sawa", na mtungi uliofuata "sawa". Ili kujilinda alianza kutia spiriti mara mbili kwa kila mtungi. Chupa iliyozoea kumaliza wiki ikawa inaisha siku ya nne, na wakulima wakaanza kumtania kwamba Pua sasa anakunywa. Alicheka nao.

Spiriti hugundua maziwa yaliyochacha. Haigundui mafuta ya taa. Tarehe mbili Julai mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajulikani, alileta maziwa kwenye mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa. Yakaingia tangini. Kampuni inayonunua ilirudisha tangi zima, lita elfu moja na mia nane, yakamwagwa.

Kamati ilitafuta chanzo. Kitabu kilisema mitungi yote ilikuwa sawa. Pua hakosei, walisema wote. Basi wakamgeukia Nelima, mama anayeosha mitungi na tangi, ambaye huchemshia wafanyakazi chai kwa stovu ya mafuta ya taa ndani ya stoo. Alisema stovu haijawahi kukaribia tangi. Walimpa barua ya kufika mbele ya kamati Jumatano tarehe 13 Agosti, saa nne asubuhi, na kila mtu alijua barua kama ile huishia wapi. Nelima anasomesha watoto watatu peke yake.

Hiyo ndiyo Jumatano iliyokuwa ikingoja siku moja tu mbele wakati Leila anafunua karatasi ya tatu.

Ilikuwa na mti ule ule, lakini sasa aliupitishia mistari aliyoificha, na kwenye kila tawi aliandika ni mitungi mingapi ilipita hapo. Alisema mti umejibu vizuri, ila kuna kitu hakielewi. Tawi la harufu mbaya, lililobeba mitungi minane hivi kila wiki kwa mwaka mzima, lilipitisha mitungi kumi katika wiki ya kwanza ya Juni. Kuanzia tarehe tisa, hakuna hata mmoja.

"Limekauka siku moja," alisema. "Mti unaniambia ni wapi pamebadilika. Hauwezi kuniambia kwa nini. Ni nini kilitokea tarehe tisa, mzee?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza mvua ilinyesha lini. Hakuwa amesikia habari ya tangi wala ya Nelima.

Kyengo alitazama dirishani. Kutoka pale ofisini unaona karo la kuoshea, na Nelima alikuwa pale, amejifunga leso juu ya sweta, anasugua mitungi kwa maji ya moto.

"Wakulima wamejifunza usafi," akasema.

Leila alilipokea jibu hilo bila shaka yoyote. Akaliandika pembeni. Kisha akasema, akiendelea kuandika, kwamba hiyo ni habari njema, kwa sababu itarahisisha kazi ya Ngoliba. Ikiwa harufu mbaya haipatikani tena, swali lile halina kazi. Ataufundisha mti upya kwa miezi hii miwili ya karibuni, na bila shaka harufu itaondoka yenyewe. Ngoliba watabaki na laktomita na spiriti. Hawatahitaji mtu wa kunusa.

Nilisikia kiti cha Kyengo kikilia. Hakuwa amesimama, alikuwa ameegemea mbele tu, mikono juu ya meza kati ya mahindi na maharagwe.

"Usiliondoe," alisema.

"Lakini takwimu..."

"Usiliondoe, binti yangu. Wakulima hawajajifunza chochote. Pua yangu imekufa. Tangu siku hiyo unayosema, ninainama na sisikii kitu. Hizo 'sawa' zote ni uongo wangu."

Leila aliweka kalamu chini. Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria. Aliuliza kwa nini hakuandika kwamba hajui.

Kyengo alimweleza sheria ya nafasi tupu. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba ingawa sheria ilikuwepo, si sheria iliyomnyamazisha. Mtu akiitwa Pua kwa miaka kumi na tisa, alisema, halafu pua itoke, anabaki anaitwa nani?

Leila alisema mti hauna akili ya kushuku. Hula kile unacholishwa. Aliyeandika "sawa" kwa sababu ni sawa na aliyeandika "sawa" kwa sababu hajui, kwake ni mtu mmoja. Nafasi tupu ingemsaidia yeye mwenyewe zaidi, kwa sababu angeiona na kuuliza. Alichukua ile karatasi aliyoandika habari za usafi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Akasema atautumia mti wa mwaka wa kwanza, wenye harufu kwenye mzizi, na safu hiyo sasa itakuwa na majibu matatu: sawa, mbaya, na haikunuswa.

Kyengo alimwomba amsubiri, akaenda kwa Waithira. Mlango ulifungwa robo saa hivi. Waithira ni mtu wa maneno machache. Alipotoka alikuja kwenye meza yangu, akaniomba karatasi mbili zenye nembo ya ushirika. Moja ilikuwa ya kuondoa barua ya Nelima. Nyingine ilikuwa ya kumtaka Kyengo afike mbele ya kamati, siku ile ile, saa ile ile. Niliziandika zote mbili na Waithira akatia sahihi. Kyengo aliomba yeye mwenyewe ampelekee Nelima barua yake.

Alimkuta bado karoni. Manyunyu yalikuwa yamerudi. Nelima alikausha mikono kwenye leso, akasoma barua polepole hadi mwisho, akamtazama.

Kyengo alimwambia yote, kuanzia sufuria ya maharagwe.

"Wiki sita, Baba Mutheu," Nelima alisema. Mutheu ni binti wa kwanza wa Kyengo. "Wiki sita unakunywa chai yangu kila asubuhi, kwa stovu hiyo hiyo, na unaniangalia."

"Nilikuangalia."

"Na ukaniuliza watoto wangu wako aje."

"Nilikuuliza."

Alisema amekosa, na kwamba kesho ataisema mbele ya kamati nzima jinsi alivyoisema pale. Nelima aliinua mtungi uliofuata akaendelea kusugua. Baada ya muda, bila kumtazama, alimwuliza kama ni kweli hasikii kitu kabisa, hata sabuni hii. Akasema hasikii. Hata mtungi huu? Akasema hata huo. Nelima aliinama juu ya mdomo wa mtungi ule, akavuta pumzi, akauweka kando ya mingine.

"Huu ulikuwa na dawa ya kupe," alisema. "Wa yule mkulima Wainaina. Na wewe uliupokea leo asubuhi."

Kyengo alirudi mbio ofisini. Maziwa ya asubuhi yalikuwa bado hayajachukuliwa. Waithira alipiga simu, gari likazuiwa, tangi likafungiwa. Leila, ambaye alikuwa anakusanya punje zake mezani, alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akaketi tena, akafungua kompyuta na kufanya jambo ambalo alilieleza kwa sauti ndogo alipokuwa akilifanya: kwenye mistari yote kuanzia tarehe tisa Juni, alikuwa anaondoa neno "sawa" chini ya harufu.

Jioni, kabla ya kuondoka, alimwambia Waithira kwamba kazi yake haijakamilika. Swali la juu kwenye mti halijibiwi na chombo chochote walicho nacho. Ngoliba bado itahitaji mtu wa kunusa, na mtu huyo atahitaji kufundishwa na anayejua moshi ni upi, dawa ya kupe ni ipi, kitunguu ni kipi. Waithira alisema hayo ataiachia kamati.

Kesho yake, Jumatano, kulikuwa na ukungu lakini hakukunyesha. Kyengo alifika kabla ya saa kumi na moja alfajiri, mapema kuliko siku zote. Aliketi jukwaani na kitabu, rula na kalamu nyekundu. Alifungua ukurasa wa tarehe tisa Juni, akaweka rula juu ya safu ya harufu, akavuta mstari mmoja mwekundu kutoka juu hadi chini. Chini yake akaandika: haikunuswa. Akageuza ukurasa. Alifanya hivyo kurasa zote hadi ya jana, na kwenye kila moja alitia sahihi.

Mkulima wa kwanza alipopanda jukwaani alifungua kifuniko kuelekea kwake kama kawaida, akamsalimu, niaje Pua. Kyengo alirudi nyuma hatua moja. Nelima alikuwa amesimama pale kando, mikono ndani ya sweta. Hakuwa ameahidi kuja. Aliinama juu ya mtungi, akainuka, akasema sawa. Ndipo Kyengo akachovya laktomita.

Wakapokea hivyo mitungi thelathini na mitatu, wakarudisha mmoja, wa moshi. Kwenye safu ya harufu, mbele ya kila jibu, Kyengo aliandika herufi N, ya Nelima. Saa nne kasorobo alining'iniza koti lake jeupe kwenye msumari, akaweka kitabu kwapani, akavuka uwanja kwenda kwenye chumba cha kamati.